Violeti ya Usambara inaoza katikati, nyingine imelegea: nifanye nini?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Septemba mwaka jana nilinunua kwa muuza miche vyungu vitatu vya yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya; yeye aliyaita African violet. Nikayahamishia kwenye vyungu vya inchi 8, udongo mweusi uliochanganywa na samadi. Viwili niliviweka chumbani kwenye dirisha la magharibi, cha tatu mezani sebuleni. Namwagilia kila asubuhi, na siku za joto kali natumia maji ya friji. Cha kwanza kimeoza katikati na kufa. Cha pili majani yamelegea ingawa udongo umelowa. Cha tatu, cha sebuleni, kipo hai lakini shingo imerefuka, majani yana miduara ya njano, na hakijatoa ua hata moja. Nimesoma kwamba mmea huu asili yake ni Usambara. Sasa Usambara na Dar si mbali, mbona unanifia? Na je, ni kweli jani moja linaweza kutoa mche mpya?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Dada, usisubiri kesho kushughulikia hicho cha pili. Mmea uliolegea ilhali udongo umelowa hauhitaji maji. Mizizi yake imekosa hewa, imeanza kuoza, na mizizi iliyooza haipandishi maji kwenye majani. Ndiyo maana majani yanalegea sawasawa na ya mmea wenye kiu, na mwenye nyumba anapoyaona anaongeza kikombe kingine. Hapo anaumalizia. Tofauti utaijua kwa kidole tu: kichomeke sentimita 2 ndani ya udongo. Kukiwa kukavu, mwagilia na majani yatasimama ndani ya saa chache. Kukiwa na maji na majani yamelala, ng'oa.

Ng'oa kweli, utoe bonge lote nje ya chungu. Kung'uta udongo na suuza mizizi kwa maji ya kawaida uione. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, myembamba kama uzi. Iliyooza ni ya kahawia, inateleza, na ukiivuta kidogo ganda lake linabaki vidoleni. Ikiwa karibu nusu bado ni mizima, kata iliyooza kwa mkasi uliopanguswa na spiriti, punguza majani ya nje yabaki manane hivi, kisha panda upya katika chombo kidogo na mchanganyiko nitakaoueleza hapa chini. Ikiwa yote imeoza, kata shina lenyewe kwa kisu kikali, kipande kwa kipande kuanzia chini, huku ukiangalia sehemu iliyokatwa. Ukiona rangi ya kahawia, panda juu kidogo ukate tena, mpaka uso wote uwe wa kijani kibichi. Bakiza majani matano hadi manane ya katikati, acha kidonda kikauke saa moja au mbili, halafu simika shina hilo katika mchanganyiko wenye unyevu tu, usiolowa. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, weka mahali penye mwanga pasipofikiwa na jua. Kwa joto la Dar fungua mfuko dakika 10 kila siku, la sivyo utaota ukungu. Mizizi mipya hutoka baada ya wiki tatu hadi tano. Kama kahawia imefika hadi moyoni, shina halifai tena. Chukua majani mazima uyaoteshe.

Cha kwanza kilikufa kwa ugonjwa uleule ulioanzia upande wa pili. Vimelea vya jamii ya Pythium na Phytophthora huishi katika udongo uliotota na hupenda joto; maji yakituama katikati ya majani machanga, hupenya moyo na kuugeuza uji mweusi ndani ya siku chache. Moyo ukishaoza hakuna dawa ya kuurudisha. Udongo wake utupe, usiupandie kingine, na chungu ukioshe kwa maji yenye jiki, sehemu 1 ya jiki kwa 9 za maji, ukisuuze vizuri.

Sasa kuhusu Usambara. Ni kweli mmea huu ni wa kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, aliuokota huko na kuupeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland, mkurugenzi wa bustani ya Herrenhausen mjini Hanover, naye mwaka 1893 akauita Saintpaulia ionantha kwa heshima ya familia hiyo. Tangu 2015 wanasayansi wamezihamishia violeti zote katika jenasi (ukoo wa mimea) ya Streptocarpus, lakini wakulima duniani kote bado wanasema Saintpaulia. Jamaa zake wa porini wapo Usambara, Nguru na Uluguru, na kwa upande wa Kenya wapo milima ya Taita na sehemu chache za pwani ya Kilifi.

Lakini angalia unaota juu ya nini huko. Hauoti shambani. Unashikilia uso wa mwamba wenye kivuli, kwenye nyufa na juu ya mawe makubwa kando ya vijito, mizizi ikiwa ndani ya tabaka jembamba la kuvumwani na majani yaliyooza. Mvua ya Amani, msitu wa huko Usambara, ni nyingi, ila tone likigusa mwamba linateremka lote. Mizizi inabaki na unyevu na hewa kwa pamoja. Wewe umeuchukua mmea wa mwambani ukaupanda kwenye udongo wa mchicha. Hapo ndipo lilipo tatizo kubwa, kuliko joto na kuliko dirisha.

Tena hiki ulichonunua si cha porini. Mbegu zilizofika Los Angeles kutoka Ulaya miaka ya 1920 ndizo zilizoanzisha biashara ya chotara, na kwa karibu karne nzima wafugaji wa mimea wamechagua vile vinavyochanua vizuri ndani ya nyumba za baridi, zenye nyuzi 18 hadi 24. Kwa hiyo mgeni wako ana damu ya Tanga na tabia za Ulaya. Usishawishike kwenda kung'oa wa porini ukidhani utastahimili zaidi. Aina kadhaa zimebaki kwenye kilima kimoja au jabali moja tu, ziko hatarini kutoweka, na msitu wa Amani wilayani Muheza ni hifadhi. Ukienda, utaziona kwenye mawe. Ziangalie, zipige picha, ziache.

Turudi kwenye chungu. Kipimo wanachotumia wakuzaji ni hiki: upana wa chungu uwe theluthi moja ya upana wa mmea, ukipima kutoka ncha ya jani hadi ncha ya jani la upande wa pili. Mmea wa sentimita 24 unataka chungu cha sentimita 8, na kina kisizidi upana. Chungu chako cha inchi 8 ni sentimita 20. Kwa umbo lilelile kinabeba udongo karibu mara 16 ya kile cha sentimita 8. Mizizi midogo ile haiwezi kunywa maji ya udongo wote huo, kwa hiyo unabaki umelowa siku nenda siku rudi. Isitoshe, violeti huchanua vizuri zaidi mizizi ikikaribia kujaza chungu. Kopo la mtindi la robo lita lililotobolewa matundu matano au sita chini linafaa kabisa. Chungu cha mfinyanzi ni bora zaidi kwa Dar, kwa sababu maji yanayopenya ukutani yanapokauka hupoza mizizi. Kasoro yake ni chumvi ya mbolea inayoganda ukingoni na kuunguza vikonyo vya majani vinavyoulalia. Ukingo huo uzungushie karatasi ya foili, au uchovye kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka kabla ya kupanda.

Na zile kokoto watu wanazoweka chini ya chungu ati zipitishe maji, ziache. Katika kila chungu kuna tabaka la chini ambamo maji hubaki yameshikiliwa na chembe za udongo hata baada ya matundu kuacha kudondosha. Ukiweka kokoto, tabaka hilo halitoweki, linapanda juu tu na kuikaribia mizizi. Kinacholipunguza ni chembe kubwa katika mchanganyiko wenyewe, kutoka juu hadi chini.

Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa mtu wa pwani ni sehemu 3 za kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, sehemu 2 za mawe ya pumisi yaliyopondwa, na sehemu 1 ya maganda ya mpunga yaliyochomwa hadi yakawa meusi, kabla hayajawa majivu. Pumisi ni yale mawe mepesi ya volkano watu wanayosugulia visigino. Yaponde na kuyachekecha upate vipande vya milimita 3 hadi 6, vumbi lake ulitupe kwa sababu litaziba nafasi ulizozitaka. Ukipata perlaiti, punje nyeupe nyepesi za volkano, kwenye duka la pembejeo, itumie badala yake kwa kipimo kilekile. Kokopiti ya huku mara nyingi ina chumvi, maana makumbi hulowekwa kwenye maji ya bahari au karibu nayo: iloweke kwenye maji baridi safi, ikamue, rudia mara tatu. Maganda ya mpunga nayo yasuuze. Mwisho mwagia mchanganyiko wote maji yanayochemka, uache upoe na uchuruzike. Kipimo cha mkono: kamata konzi moja ukiwa na unyevu, bana, kisha achia. Ukibaki donge, ongeza pumisi. Ukisambaratika wenyewe, uko tayari.

Majivu ya jikoni usiyatie, hata kama jirani anakuambia yanafukuza wadudu. Violeti inataka uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6 na 6.5 hivi. Majivu yanaipandisha pH, mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga ya katikati yanageuka njano. Samadi nayo iachie mchicha: inashika maji, ina chumvi, na naitrojeni yake inakuza majani badala ya maua.

Kumwagilia hakuna ratiba. "Kila asubuhi" ndiyo iliyoviua. Nyanyua chungu kikiwa kimetoka kumwagiliwa, ujue uzito wake. Kinyanyue tena kesho na keshokutwa. Kikishakuwa chepesi na uso wa juu umekauka ukiugusa, ndipo mwagilia. Katika kopo dogo lenye mchanganyiko huu inaweza kuwa kila baada ya siku tatu au nne wakati wa kiangazi, na juma zima wakati wa masika. Weka kopo kwenye kisahani chenye maji kina cha sentimita 2 kwa dakika 20 hadi 30, kisha maji yaliyobaki mwaga. Chungu kisilale ndani ya maji. Mara moja kwa mwezi geuza utaratibu: mwagilia kwa juu, maji mara mbili ya ujazo wa chungu, yapite na kutoka chini, ili yaondoe chumvi iliyorundikana.

Ile miduara ya njano ya chungu cha tatu ni maji ya friji. Jani lenye joto la nyuzi 30 likiguswa na tone la nyuzi 6 au 8, chembe za kijani zilizo chini ya ngozi ya juu zinakufa palepale, na umbo la tone linabaki limechorwa. Si ugonjwa, haliambukizi, na pia haliponi. Jani hilo litabaki hivyo mpaka lizeeke. Watu huhitimisha kwamba jani la violeti halipaswi kuguswa na maji kabisa, jambo ambalo ni nusu ya ukweli. Unaweza hata kuliosha vumbi chini ya bomba, mradi maji yana joto la chumba, unayakausha yaliyotuama katikati kwa ncha ya kitambaa, na hulirudishi juani likiwa limelowa. Maji yakae kwenye ndoo iliyo wazi ndani ya nyumba usiku kucha: yatafikia joto la chumba na sehemu ya klorini itatoka. Ya tangi la juu ya paa saa nane mchana yana moto, usiyatumie yakitoka tu bombani. Kama eneo lenu mnatumia kisima chenye chumvi, usiyatumie kabisa kwa mmea huu. Kinga ya mvua, au changanya maji ya mvua na yale yanayodondoka kwenye kiyoyozi.

Kuna njia ya utambi kwa mtu anayesafiri. Pitisha uzi wa kufumia wa akriliki kwenye tundu la chini, sentimita 3 au 4 zibaki ndani ya mchanganyiko na mkia uzame kwenye kopo la maji lenye mfuniko. Kati ya kitako cha chungu na maji iwepo nafasi ya sentimita 2. Uzi wa pamba usitumie, unaoza. Njia hii inafaa tu kama mchanganyiko una pumisi au perlaiti si chini ya nusu, na miezi ya Desemba hadi Machi liache kopo likauke siku moja au mbili kabla ya kulijaza tena.

Mwanga ndio ulionyima ua chungu cha sebuleni. Meza iliyo mita 3 kutoka dirishani inaonekana na mwanga kwa macho yetu, kwa mmea ni giza, na shingo ndefu yenye vikonyo vilivyosimama kuelekea dirishani ni ishara yake. Dirisha la magharibi nalo lina jua la alasiri linalochoma; litumie ukiwa na pazia jepesi jeupe, au mmea ukiwa mita moja ndani. La mashariki ni bora: jua la hadi saa tatu asubuhi halidhuru. Dar iko kusini kidogo ya ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzo wa Machi hadi takriban katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi mingine huwa upande wa kusini. Dirisha la kaskazini au la kusini lenye kibaraza linafaa mwaka mzima kwa sababu jua la saa sita huwa juu mno kuingia ndani sana. Pima hivi: adhuhuri inua kiganja sentimita 30 juu ya majani. Kivuli chenye kingo hafifu ni sawa. Kivuli cheusi chenye kingo kali, mwanga umezidi. Usipoona kivuli, haujatosha. Mmea uliozidiwa na mwanga hukumbatia chungu, majani yanapauka na moyo unabana. Zungusha chungu robo mzunguko kila unapomwagilia, la sivyo utainamia upande mmoja.

Nyumba isiyo na dirisha zuri inaweza kutumia taa. Tyubu mbili za LED nyeupe za futi 4, wati 18 kila moja, zikining'inia sentimita 25 hadi 30 juu ya majani, zikiwashwa saa 12 kwa siku, zinatosha rafu nzima. Ni kama uniti 13 za umeme kwa mwezi. Zima usiku, mmea huu unahitaji giza ili uchanue.

Joto sasa, maana nimelisogeza nyuma kwa makusudi. Chotara hizi zinafurahia nyuzi 20 hadi 26. Kuanzia 30 vichipukizi vya maua vinakauka kabla ya kufunguka, na usiku wa Januari na Februari Dar hushuka hadi karibu 25 tu. Hutaubadilisha mji. Panga mwaka wako kulingana nao: Desemba hadi Machi dhamira ni kuuvusha mmea, si kuuchanuisha. Toa vikonyo vya maua vinavyojitokeza, simamisha mbolea au ipunguze nusu, uache mchanganyiko ukauke zaidi, na feni ipulize hewa chumbani bila kuelekea moja kwa moja kwenye majani. Chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 24 hadi 26 ni peponi kwake, ila usiuweke kwenye mkondo wa ile hewa. Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kuudai maua. Mtu wa Lushoto, Arusha au Nairobi hana shida hii. Yeye ajihadhari na usiku ulio chini ya nyuzi 15, unaokunjisha majani na kuudumaza mmea.

Chungu cha tatu kikishahamia dirishani, kishughulikie shingo. Bandua majani ya chini yaliyochoka, mstari mmoja au miwili, ukiyavuta kando na si kuyakata. Kwangua ile shingo iliyobaki kwa mgongo wa kisu mpaka ngozi kavu itoke na kijani kionekane kwa mbali. Pima urefu wake, tuseme sentimita 3. Kata sentimita 3 kutoka chini ya bonge la mizizi, kisha rudisha mmea katika chungu kidogo cha kipimo nilichoeleza ili majani ya chini yakae sawa na ukingo. Jaza mchanganyiko kuzunguka shingo, itatoa mizizi. Usishindilie. Kazi hii hurudiwa kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, chungu kikibaki kilekile.

Ukiwa hapo angalia kwenye makwapa ya majani kama kuna vitoto. Violeti yenye mioyo miwili mitatu hutumia nguvu kwa majani na kusahau maua. Subiri hadi chipukizi lionyeshe majani manne, ndipo uling'oe kwa ncha ya kijiti cha meno, kwa sababu likiwa changa zaidi linafanana na kikonyo cha ua na utajinyima ua kwa mkono wako.

Mbolea iwe ya kuyeyuka majini, NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) yenye namba zinazokaribiana kama 20-20-20, robo kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, kila unapomwagilia wakati wa msimu wa maua. Soma kibandiko: naitrojeni nyingi ya urea huunguza mizizi hii. Mbolea za shambani, DAP ya kupandia au Urea ya kukuzia, haziingii kwenye chungu hata punje. Mmea uliotoka kupandwa upya au wenye mizizi iliyooza usiupe chochote kwa wiki nne. Mwanga, chungu kidogo na mbolea hii vikikaa sawa, tegemea vichipukizi vya maua baada ya miezi miwili hadi mitatu.

Wadudu sikuwaona katika maelezo yako, lakini wajue wachache. Vidung'ata, weupe kama pamba, pangusa kwa kijiti chenye pamba na spiriti. Thripsi, vidudu vidogo vyembamba, huwaoni kirahisi, unaona unga wa njano wa chavua umemwagika juu ya petali; toa maua yote na vichipukizi vyake kwa wiki sita hadi nane, kwa kuwa chavua ndiyo inayowavuta, na piga dawa. Ubwiriunga, yaani ukungu unaoonekana kama unga mweupe juu ya maua na majani, hustawi kwenye hewa iliyotuama. Mbaya kuliko wote ni utitiri wa moyoni: majani ya katikati yanakuwa madogo, magumu, yenye manyoya mengi na rangi ya kijivu. Hauonekani kwa macho, na dawa za kawaida za wadudu haziugusi; wakuzaji wakubwa hutumia abamektini, dawa ya kuua utitiri. Kwa mwenye vyungu viwili, ushauri wangu ni kuutupa mmea huo ndani ya mfuko uliofungwa na kunawa mikono kabla ya kugusa mwingine. Mmea mpya wowote ukae chumba kingine wiki nne kwanza.

Ndiyo, jani moja linatosha. Chagua la mstari wa kati. Ya nje yamezeeka, ya moyoni bado hayajakomaa. Ya chungu cha tatu yenye miduara yanaweza kutumika pia, madoa hayarithiwi. Kata kikonyo kibaki sentimita 2.5 hadi 3, kwa mshazari wa nyuzi 45, uso wa mkato ukielekea upande wa mbele wa jani, maana miche hutokea hapo na utaitaka ipate mwanga. Kata pia theluthi ya juu ya jani lenyewe ili lisiendelee kukua lenyewe badala ya kuzaa. Lichomeke sentimita 1 hadi 1.5 katika kikombe kidogo cha mchanganyiko uleule, funika na mfuko, weka penye mwanga bila jua. Mizizi ni wiki tatu hadi nne; vijani vidogo hujitokeza kati ya wiki ya sita na ya kumi, mara nyingi miche mitatu hadi mitano kwa pamoja. Watu huotesha pia kwenye chupa ya maji, na inakubali, ila mizizi ya majini ni laini na sehemu yake hufa ikihamishiwa chunguni, kwa hiyo unapoteza muda.

Miche ikifikia sentimita 3 na kila mmoja una majani manne hivi, itenganishe na kuipanda mmoja mmoja katika vikombe vya sentimita 5. Ua la kwanza litakuja baada ya miezi sita hadi kumi tangu uchomeke jani. Litafanana na la mama, isipokuwa aina zile ambazo petali zake zina mistari inayotoka katikati kama spoki za gurudumu la baiskeli: hizo zikioteshwa kwa jani hupoteza mistari, na lazima uoteshe vile vitoto vya kwapani ulivyokuwa unavitupa. Jani mama likibaki gumu na la kijani baada ya kuachishwa miche, kata upya ncha ya kikonyo chake na ulichomeke tena.